Muundo Mpya Bila Kazi Kukwama: Mwongozo Kamili wa Kukabili Upinzani Kampuni Inapopangwa Upya

Siku tuliyotangaza muundo mpya, mkurugenzi mtendaji alizungumza kwa dakika 40. Alionyesha ramani ya kanda mpya, chati ya idara na makisio ya mapato ya miaka 3. Watu walipiga makofi. Nilikuwa mlangoni nakusanya karatasi za mahudhurio, keshia mmoja wa tawi la Moshi akanisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, mwanangu yuko kidato cha pili palepale Moshi. Niambie tu, nahama au sihami?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia asubiri barua. Alirudi Moshi na lile "subiri barua" langu, akawapelekea wenzake, na kabla ya wiki 2 kwisha tawi zima lilikuwa kwenye mgomo baridi: kila mtu yuko kazini, kila mtu ana adabu, na muamala wa dakika 5 unachukua 20.

Baadaye niligundua kwamba jibu lake lilikuwepo siku ileile. Mkataba wa pango wa jengo la Moshi ulikuwa umeshahuishwa, tawi halikuwa na mpango wa kuhama, na jina lake halikuwa kwenye orodha yoyote. Karatasi ilikuwa kwenye faili la majengo, na sisi wa rasilimali watu hatukuwahi kulifungua. Tulikuwa tumejiandaa vizuri sana kueleza kampuni itapata nini. Hakuna aliyekaa chini kuandika kila mtu atapoteza nini, na nani hatapoteza kitu.

Mwongozo huu unaanzia hapo. Nimeuandika kwa ajili ya afisa rasilimali watu, meneja wa tawi au mkuu wa idara aliyekabidhiwa kazi ya kusimamia muundo mpya. Mfano ninaoutumia ni wa kampuni mbili kuunganishwa, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoifanya zaidi, na imekuwa ya kawaida nchini Tanzania: Benki ya TPB ilichukua Twiga Bancorp na Benki ya Wanawake mwaka 2018, benki ya TIB Corporate nayo ikachukuliwa mwaka 2020, na mwaka 2021 jina likawa TCB, yaani Tanzania Commercial Bank. Shirika likigawanywa, kama lilivyogawanywa lile la Posta na Simu mwaka 1994, au idara zikifutwa ndani ya kampuni moja, hatua ni zilezile kwa sehemu kubwa.

Hatua ya 1: Daftari la hasara

Kabla hujachora chati, fungua jedwali lenye mstari mmoja kwa kila mfanyakazi. Watu 300, mistari 300. Usiandike kwa idara wala kwa daraja la mshahara, kwa sababu hasara haimpati mtu kwa idara. Kwenye kila mstari jibu maswali haya: kipato chake kinabadilika? Kituo cha kazi? Cheo? Bosi? Kazi anayoijua itakuwepo? Atatengana na nani?

Kipato kitazame hadi chini. Mshahara wa msingi ndio unaoguswa mara chache. Kinachoumiza ni kile kilicho pembeni. Posho ya kukaimu ambayo mtu ameizoea kwa miaka 4. Mafuta ya gari. Bima ya afya iliyomwandikisha mama yake mzazi ambaye yuko katikati ya matibabu. Juu ya yote, mikopo. Kwenye taasisi za fedha mfanyakazi hukopeshwa na mwajiri kwa riba nafuu, na wengi wamejenga kwa fedha hiyo. Akiachishwa, riba inabaki ileile au inapanda kuwa ya mteja wa kawaida? Deni linakatwa kwenye malipo yake ya mwisho au analipa kidogokidogo? Nimewahi kumwona mhasibu mtulivu kuliko wote ofisini akisimama kikaoni na kuupinga mfumo mpya wa kompyuta kwa hoja 7, na kumbe nyumba yake ya Kibaha ilikuwa haijaezekwa. Tulipomwandikia kwamba masharti ya mkopo hayabadiliki, hoja 5 kati ya zile 7 ziliisha.

Weka pia safu ya saini. Msimamizi aliyekuwa anaidhinisha matumizi ya milioni 5 akiambiwa kwamba sasa kila kitu kinaidhinishwa makao makuu, mshahara wake haujapungua hata shilingi, ila nguvu yake mbele ya wenzake imekwisha. Watu wa aina hii hutawaona kwenye orodha yoyote ya "walioathirika", na ndio watakaokusumbua kuliko wote.

Mstari usio na hasara uandike hivyo: hakuna. Kwenye kampuni nyingi mistari hiyo ndiyo mingi, na watu hao wanalala macho usiku kwa jambo lisilowahusu.

Hatua ya 2: Sheria na chama cha wafanyakazi, mapema

Kama kuna uwezekano wowote wa kupunguza watu, kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakutaka utoe taarifa ya nia hiyo mara tu unapoanza kuifikiria, utoe taarifa zote muhimu, kisha mshauriane kabla ya kupunguza. Mambo ya kushauriana yametajwa: sababu, njia za kuepuka au kupunguza idadi, namna ya kuchagua watakaoondoka, muda, na kiinua mgongo. Unashauriana na chama kinachotambuliwa mahali pa kazi, ambacho kwenye mabenki na biashara huwa ni TUICO au FIBUCA, pia na wafanyakazi ambao hawana chama cha kuwawakilisha. Mkishindwa kukubaliana, jambo linakwenda kwenye usuluhishi chini ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA.

Wakurugenzi huniuliza: tutashauriana vipi kuhusu jambo ambalo bado hatujalimaliza? Nami huwajibu kwamba mkishalimaliza hamna tena la kushauriana, mnaarifu tu. Sababu za kibiashara, bajeti na tarehe ya mwisho vinaweza kuwa vimeamuliwa. Nani aondoke, wangapi, kwa vigezo gani, hayo yaje mezani yakiwa bado laini. Nimekaa kwenye vikao ambapo chama kilikuja na orodha ya watu 14 walio tayari kuondoka kwa hiari, watu ambao menejimenti haikuwahi kufikiria kuwauliza.

Kenya utaratibu una sura nyingine. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinataka chama na afisa wa kazi wajulishwe angalau mwezi mmoja kabla, na vigezo vya kuchagua vizingatie muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu. Usiuchukulie kama karatasi ya kujaza. Kenya Airways ilipopunguza mamia ya wafanyakazi mwaka 2012, kesi iliyofunguliwa na chama cha wafanyakazi wa anga ilifika hadi Mahakama ya Rufani, na uamuzi ukatoka mwaka 2014. Kwa muda wote huo kampuni inaendesha biashara huku muundo wake ukibishaniwa mahakamani.

Soma pia mkataba wa hali bora mliosaini na chama. Mara nyingi unatoa zaidi ya sheria, na anayeukumbuka kwa vifungu ni katibu wa tawi la chama, si mwanasheria wako.

Hatua ya 3: Karatasi ya safu tatu

Tetesi hazizuiliki. Redio mbao inarusha matangazo saa 24, siku hizi ipo kwenye makundi ya WhatsApp, na kupiga marufuku makundi hayo kunayahamishia mahali ambapo huna hata rafiki mmoja wa kukuonyesha. Unachoweza ni kuwa na chanzo kinachoaminika zaidi.

Tengeneza karatasi moja yenye safu tatu: limeamuliwa, halijaamuliwa, litaamuliwa lini na nani. Itoke kila Ijumaa saa 4 asubuhi, ibandikwe ubaoni kwenye kila tawi na itumwe kwa kila simu. Wiki isiyo na jipya nayo itoke, na useme hakuna jipya. Watu wakishazoea saa ile, tetesi ya Jumanne inasubirishwa: "Ngoja Ijumaa tuone."

Neno "halijaamuliwa" linawatisha wakubwa. Wanaona litaonyesha udhaifu, wanataka badala yake tuandike kwamba mchakato unaendelea vizuri. Katika miaka yangu yote ya kazi hii sijaona sentensi iliyozaa hofu kama hiyo. "Idadi ya matawi ya Kanda ya Ziwa haijaamuliwa, kamati itaamua tarehe 14" inampa mtu kitu cha kushika: anajua hata kupanga ada ya mtoto baada ya tarehe 14.

Tarehe uliyoiandika ikifika na uamuzi haujatoka, sema siku hiyohiyo, na taja tarehe mpya. Ukiipitisha kimya mara moja tu, karatasi imekufa.

Hatua ya 4: Wasimamizi wa kati kwanza

Mfanyakazi wa kaunta hamuulizi mkurugenzi. Anamuuliza msimamizi wake, pale chai inaponywewa. Msimamizi akijibu "hata mimi sijui, nimesikia kama wewe", hotuba yote ya dakika 40 imefutika.

Waite wasimamizi siku moja kabla ya tangazo, au asubuhi ileile kama unaogopa siri kuvuja. Anza na hatima yao wenyewe, mmoja mmoja, kwa maandishi. Usimtume mtu akawatulize wenzake wakati yeye hajui kama Jumatatu ana meza. Kisha mpe mistari ya daftari la hasara inayohusu watu wake, na mfanye mazoezi ya maswali magumu. Nasema mazoezi kwa maana ya kweli: mmoja awe keshia, mwingine ajibu. Utashangaa meneja wa miaka 20 anavyobabaika akiulizwa na mwenzake, "Kwa hiyo mimi naondoka, bosi?"

Mpe ruhusa ya kusema "sijui, nitakujibu kesho saa 6", na simu ya mtu wa makao makuu atakayempa jibu kabla ya kesho saa 6. Mtu huyo awe mmoja, na asiwe na kazi nyingine wiki hiyo.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Hapa sina mengi. Tangaza Jumanne au Jumatano, ili watu wawe na siku za kuuliza kabla ya wikiendi. Matawi yote yasikie kwa wakati mmoja. Mwanza isisikie kutoka kwa binamu aliyeko Dar es Salaam. Hotuba isizidi dakika 15, na ianze na yatakayopotea: matawi mangapi yanafungwa, nafasi ngapi zinafutwa au zinajadiliwa, jina gani linaondoka kwenye kibao. Faida zifuate baadaye. Saa 2 zinazobaki ni za wasimamizi na watu wao, mlango ukiwa umefungwa kwa wateja kama inawezekana, na tangazo la kufungwa huko likiwa mlangoni tangu juzi yake.

Hatua ya 6: Kusoma upinzani unaouona

Upinzani ukianza, kosa kubwa ni kuuita kwa jina moja. Una sura nyingi, na dawa ya mmoja ni sumu ya mwingine.

Ukimya ndio unaodanganya kuliko yote. Maofisini kwetu mtu hambishii mkubwa hadharani. Anasema "sawa mkuu", anaandika kwenye daftari, na anakwenda kufanya alivyokuwa akifanya jana. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Usiuvunje kwa kuuliza kikaoni kama kuna mwenye swali, maana hakuna atakayenyoosha mkono. Gawa vikaratasi visivyo na majina, mtu aandike jambo moja linalomkosesha usingizi, usome vyote kwa sauti palepale na kuvijibu. Au nenda tawini bila msafara, ukae kwenye benchi la wateja asubuhi nzima. Wazee wa kazi waamkie, kaa nao, usianze na ajenda. Dereva wa ofisi na mlinzi wa getini wanajua hali ya tawi kuliko ripoti yoyote.

Kuna mpinzani mwenye hoja. Kwenye kampuni moja ya usambazaji wa vifaa, mama mmoja wa uhasibu aliandikwa kwenye ripoti za wiki 3 mfululizo kama "mgumu wa mabadiliko". Kila kikao alikuwa analeta jambo lilelile: mashine za EFD, zile za risiti za kodi, zote zimesajiliwa kwa TIN, yaani namba ya mlipakodi, ya kampuni inayokwisha, sasa siku ya kwanza ya kampuni mpya tutatoa risiti kwa mashine ipi? Hakuna aliyekuwa na jibu. Kama angenyamaza kwa kuchoka kuitwa mgumu, maduka yote yangefungua milango bila uwezo wa kutoa risiti halali. Mtu wa namna hii mwingize kwenye kamati ya utekelezaji wiki hiyohiyo, mpe jambo lake alisimamie, na kwenye kikao kijacho mtaje kwa heshima. Wengine wataona kwamba kusema kunalipa.

Kuna "wa kule" na "wa huku". Kampuni mbili zikiungana, kila upande unaona umemezwa. Wanahesabu: wakuu wa idara 8, wangapi wametoka kwetu? Jina la nani limebaki? Sare ya nani? Sherehe za pamoja hazijawahi kunisaidia hapa. Watu wanakula kuku kwa meza zao. Kilichosaidia ni kuwapa watu 2 wa pande mbili tatizo moja lenye tarehe, kwa mfano kuoanisha orodha ya wateja wadaiwa, na kuwaweka kwenye chumba kimoja mpaka liishe. Uteuzi nao ueleze kwa vigezo. Ukificha vigezo, hesabu ya "wetu na wao" ndiyo itakayokuwa maelezo.

Yule aliyepoteza saini hapingi kwa sauti. Faili linakaa mezani kwake siku 6. Anaomba ufafanuzi. Anasafiri. Mwite peke yake, mtajie wazi kile anachopoteza kabla hajakitaja yeye, na muulize angependa kubaki na nini. Wengi wanataka kitu kidogo cha heshima: kuongoza makabidhiano, kushauri kanda mpya, kukaa kwenye kamati ya ajira. Kama kinawezekana, kitoe. Kisha weka tarehe ambayo mamlaka yake ya zamani yanakoma kwenye mfumo, na siku hiyo yakome. Akiendelea kuzuia baada ya hapo, hilo ni jambo la nidhamu, na kuliahirisha kwa sababu ya ukongwe wake kunawaonyesha wote kwamba muundo mpya ni wa hiari.

Hujuma halisi ni chache: kufuta mafaili, kuondoka na orodha ya wateja, kueneza uongo wa makusudi. Chunguza, msikilize mhusika kwa utaratibu wa nidhamu uliopo, amua haraka.

Nakuomba ulitazame jambo la kuwashirikisha watu kwa uzito wake. Mwaka 1948 Lester Coch na John French walichapisha walichokiona kwenye kiwanda cha nguo za kulalia cha Harwood, mjini Marion, jimbo la Virginia, Marekani. Kila utaratibu wa kazi ulipobadilishwa pale, wafanyakazi walikuwa wanashusha kasi au kuacha kazi. Wakajaribu kwa makundi. Kundi moja liliitwa, likaelezwa mabadiliko na viwango vipya, likaruhusiwa kuuliza maswali, basi. Ndani ya siku 40, asilimia 17 ya watu wake walikuwa wameacha kazi, na uzalishaji haukuinuka. Makundi mengine mawili yalionyeshwa tatizo kwanza, kisha wafanyakazi wote wakashiriki kubuni utaratibu mpya na kupanga viwango. Kwa siku zilezile 40 hakuna aliyeacha kazi, na uzalishaji ukapita ule wa kabla ya mabadiliko. Kiwanda ni kilekile, na hata lile kundi la kwanza lilikuwa limeelezwa kwa adabu zote. Tofauti ilikuwa nani aliyeshika kalamu.

Kwa hiyo gawa maamuzi. Idadi ya matawi ni ya bodi. Lakini mpangilio wa kaunta, zamu za Jumamosi, fomu ipi ibaki kati ya mbili, makabidhiano ya wateja, hayo wape wanaoyafanya, na usiwarudishie kazi yao ikiwa imesahihishwa na kalamu yako.

Hatua ya 7: Kulinda kazi ya kila siku

Unda timu mbili: moja ya mabadiliko, nyingine ya kazi zisizolala. Mtu mmoja asiwe kwenye zote mbili. Ukimchukua mhasibu wako bora kwenda kwenye mradi bila kumweka mwingine kwenye kiti chake, umejitengenezea vurugu mwenyewe.

Timu ya pili ianze kwa kuandika kila kitu chenye tarehe na jina la anayekifanya sasa. Mishahara. PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mishahara, ambayo lazima ifike TRA kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Ritani ya VAT, tarehe 20. Michango ya NSSF. Watia saini wa hundi. Nywila za mifumo. Funguo za kasiki na nani ana nakala. Mikataba ya pango inayoisha. Halafu linganisha orodha hiyo na daftari la hasara: kila jina linaloondoka au kuhama linaacha tobo gani, na nani analiziba kuanzia lini? Zoezi hili la siku mbili limeniokoa zaidi ya mpango wowote wa mawasiliano.

Kisha kalenda. Usihamishe mifumo mwisho wa mwezi wakati wa mishahara, wala Januari wazazi wanapolipa ada, wala wiki ya kuelekea Idi au Krismasi. Na usihamishe kila kitu kwa mpigo mmoja. Benki ya TSB ya Uingereza ilifanya hivyo wikiendi moja ya Aprili 2018: wateja zaidi ya milioni 5 walitolewa kwenye mfumo wa benki ya Lloyds, mmiliki wa zamani, na kupelekwa kwenye mfumo wa mmiliki mpya, benki ya Sabadell ya Hispania. Wateja wanaofikia milioni 1.9 wakajikuta hawawezi kuingia kwenye akaunti zao. Mkurugenzi mtendaji, Paul Pester, aliondoka Septemba mwaka huohuo, na Desemba 2022 wasimamizi wa sekta waliitoza benki faini ya pauni milioni 48.65. Fikiria mfanyakazi wa kaunta asubuhi ile, mbele ya foleni ya watu wenye hasira, akiwa na mfumo ambao yeye mwenyewe haumfungukii. Ukishamweka hapo mara moja, imani yake kwa muundo mpya utaitafuta kwa miezi.

Anza na tawi moja, lile lenye meneja anayekuambia ukweli, hata kama si tawi bora kwa mapato. Kaeni nalo wiki 3. Kabla ya kuanza, andikeni masharti ya kurudi nyuma: tukiona hiki na hiki, tunarudi kwenye utaratibu wa zamani, na mwenye mamlaka ya kusema "turudi" ni fulani. Masharti hayo yaandikwe kila mtu akiwa ametulia. Saa 3 usiku mfumo umegoma, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema turudi.

Pima mambo manne kila siku: urefu wa foleni au muda wa kumhudumia mteja, malalamiko, makosa ya miamala, na watu wasiofika kazini. Anza kupima wiki 8 kabla ya tangazo ili ujue hali ya kawaida. Bila hiyo, meneja atakuambia foleni "imekuwa hivi siku zote", na huna cha kumjibu.

Hatua ya 8: Wanaoondoka

Kila anayeondoka aelezwe ana kwa ana na bosi wake wa moja kwa moja, afisa rasilimali watu akiwa pembeni. Si kwa ujumbe wa simu, si kwa orodha ubaoni. Sentensi ya kwanza ibebe habari yenyewe: "Nafasi yako imefutwa, na ajira yako itakoma tarehe 30." Kisha nyamaza. Mazungumzo marefu ya utangulizi ni ya kumfariji msemaji.

Mezani kuwe na karatasi yenye hesabu zake zote. Kwa Tanzania Bara, mtu anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi isiyopungua siku 28. Kiinua mgongo cha kisheria hakipungui mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, ukomo miaka 10. Ongeza malipo ya likizo, cheti cha utumishi, na kama anaachishwa mbali na alikoajiriwa, gharama za kumrudisha yeye na mizigo yake.

Tazama ule ukomo. Aliyefanya kazi miaka 10 anapata siku 70, na aliyefanya miaka 18 anapata siku zilezile 70. Kenya, ambako kiwango ni siku 15 kwa mwaka, huyo wa miaka 18 angepata siku 270. Kama kampuni yako ina ofisi nchi zote mbili, wafanyakazi wameshalinganisha kabla yako. Kinachosemwa na sheria ni kiwango cha chini, na kikao cha hatua ya 2 ndipo mahali pa kuwapigania wenye utumishi mrefu. Nakusihi uwapiganie. Wanaobaki watahesabu malipo ya mzee yule kama kipimo cha yatakayowakuta wao.

Mpe muda wa kuaga. Kumsindikiza mtu hadi getini na boksi la vitu vyake, mtu ambaye hajaiba wala kutukana, ni jambo ambalo ofisi haisahau.

Hatua ya 9: Siku 90 za wanaobaki

Wiki ya kwanza baada ya barua, kazi inashuka. Waliobaki wana huzuni, na wengine wana aibu ya kuwa wamebaki. Waache waongee. Usifanye hafla.

Kisha pita kila dawati na uulize: kazi ya aliyeondoka imeenda wapi? Mara nyingi imemwangukia jirani yake, bila mtu kuamua. Kwa kila kazi iliyoongezwa, ondoa moja au ilipie. Kama huwezi kufanya lolote kati ya hayo, kazi ile iliyoongezwa isitishwe. Tumewahi kusitisha ripoti 11 za kila wiki kwenye ofisi moja ya kanda, na iliyoulizwa baadaye ni moja.

Tetesi ya awamu ya pili itakuja, lazima. Kama hakuna awamu ya pili, mkurugenzi aiseme kwa sauti yake na aiweke kwenye karatasi ya Ijumaa, pamoja na muda: "Hakutakuwa na upunguzaji mwingine kabla ya Juni mwakani." Kama hana uhakika, asiahidi. Iandikwe safu ya pili, halijaamuliwa, na tarehe.

Siku ya 30, 60 na 90 rudi kwenye daftari la hasara, mstari kwa mstari, pamoja na msimamizi na mwakilishi wa chama. Mkopo uliosemwa hautabadilika, umebadilika? Bima ya yule mama mzazi ilihamishwa? Aliyeahidiwa kuongoza makabidhiano aliongoza? Mstari uliotimizwa ufungwe kwa saini ya mfanyakazi mwenyewe. Uliobaki wazi uandikwe jina la anayedaiwa na tarehe, nakala moja iende kwa katibu wa chama, nyingine kwa mkaguzi wa ndani, na jambo hilo liwe la kwanza kwenye ajenda ya kikao kinachofuata.